Kijishimo Chini ya Ukingo

Taubaté, Jumapili, tarehe 17 Agosti

Mwanangu mpenzi Lucineia,

Salamu zangu zikufikie huko Fortaleza zikukute mzima, umekula na umelala vizuri. Mimi mama yako sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, na presha imepanda kidogo wiki hii kwa sababu utakazozisoma hapa chini. Usiogope, dawa nakunywa. Je, kikohozi chako kimeisha? Nakuomba usitoke nje na nywele mbichi. Najua utacheka, lakini upepo wa huko unaingia kifuani. Na huyo tajiri wako wa mafriji, siku hizi anakupa nafasi ya kula mchana, au bado unakula umesimama?

Utaniwia radhi kwa mwandiko. Unajua niliacha shule darasa la tatu, na mistari yangu inapanda mlima. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu mimi nalia na wewe unasema mama nina kazi, basi inaishia hapo. Haya ya leo yanataka mtu akae chini. Kaa chini basi, mwanangu, usome mpaka mwisho. Hata ukifika mahali pa kunikasirikia, usiikunje karatasi. Ni hilo tu naomba.

Habari kubwa naitoa kwanza maana siwezi kuizuia: Dokta Leopoldo ameanguka. Nimemwangusha mimi, kwa mkono huu huu wa kushika birika, mbele ya watu, mchana kweupe. Na sina huruma naye hata ya kijiko.

Sasa acha nikueleze ilivyokuwa. Wewe uliondoka kabla hujaiona ile ndege imekamilika. Sasa ipo. Wameiita Andorinha, yaani mbayuwayu, na kweli imekaa kimbayuwayu: nyeupe, kifua chembamba, injini mbili huku nyuma, viti sita vya ngozi vya matajiri na viwili mbele vya marubani. Imewekwa katikati ya banda kubwa la kiwanda, na mlangoni pamesimamishwa ubao wenye picha ya Dokta Leopoldo amekunja mikono kifuani, chini yake pameandikwa kwamba yeye ndiye mbunifu wa chumba cha rubani. Kila asubuhi nilipita na kigari changu cha kahawa mbele ya picha ile. Kila asubuhi nilimwambia kimoyomoyo: we cheka tu.

Maana chumba kile ni chako, mimi ni shahidi. Nakumbuka ulivyokuwa kwenye chumba cha vielelezo, ukikata mbao na maboksi kutengeneza ndege za kupimia. Siku moja ukarudi nyumbani umenuna, ukasema skrini hizi mpya hazina hata kitufe kimoja, ni kioo kitupu, na rubani akitikiswa na dhoruba kidole chake kinagusa pasipotakiwa. Ukasimamisha boksi la sabuni juu ya meza ya jikoni, ukalichorea maduara kwa kalamu, ukanikalisha kwenye kiti na kunitikisa kama gunia la mahindi. "Gusa duara, mama! Si huko, huko ni bakuli la sukari!" Ukaongeza ukingo wa kadibodi wa kuegemeza kiganja, bado nikawa nateleza. Ndipo ukingo ukachanika kwa chini, na kidole changu kidogo kikajishika kwenye ule mchaniko chenyewe, bila kuambiwa. Toka hapo ukanitikisa mpaka jasho likakutoka, na mimi sikukosa duara hata mara moja. Ulinibusu paji la uso. Ukachora kijishimo kile kwenye daftari lako la bluu, chini ya ukingo, upande usioonekana, na hukuandika ni cha nini. Ulisema mikono yetu inajua, inatosha.

Yaliyofuata yalikuumiza wewe kuliko mimi, nayapita haraka. Dokta aliwaonyesha wakubwa ukingo ule akasema ni wake. Ulipopiga kelele, akasema umechukua michoro ya kiwanda ukaipeleka nyumbani, na kabla ya saa ya chakula askari walikuwa wamekusindikiza getini na vitu vyako kwenye mfuko wa plastiki. Na kwa kuwa mchumba wako Valdeci ndiye uliyemwazima daftari wiki ile akague hesabu za nyaya, ukasema ni yeye aliyelipeleka kwa Dokta ili apandishwe cheo. Ukamrudishia pete yake hapo barazani, mimi nikiwa dirishani. Alikuwa hajui hata aishike kwa mkono gani.

Siku ile uliniuliza kwa ukali kwa nini na mimi siachi kazi. Jibu langu ni hili. Nilibaki kwa sababu mtu wa kahawa hafungiwi mlango. Anaingia kwenye mkutano, anaingia kwa mkurugenzi, watu wanaendelea kusema kama vile limepita paka. Nikasema nitakaa humo humo mpaka nipate pa kumshikia mtu huyu. Kwa miaka miwili, mwanangu, Dokta Leopoldo hakunywa kahawa mpya hata siku moja. Yake ilikuwa ile ya asubuhi niliyoipasha moto, na kipande chake cha keki ni kile cha pembeni kilichokauka. Akawa ananiambia mbele za watu, "Mama Zulmira, mkono wako umezeeka." Na mimi nikiitikia, "Ndiyo Dokta, umezeeka, ndio uzee huo." Mambo madogo hayo, najua. Yalinisaidia kulala.

Mpaka mwezi Desemba. Nilikuwa nafuta meza ya mkutano, wameweka juu yake kipande cha ule ukingo, wa kweli sasa, umevikwa ngozi ya kijivu. Nikapitisha kitambaa chini yake, kidole changu kidogo kikaingia mahali. Nikasimama. Nikarudia. Kijishimo kipo! Mahali pale pale, kama punje ya harage. Mtu huyu alinakili kila kitu, mpaka kitu asichokijua. Nikakaa kwenye kiti cha mkurugenzi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamshukuru Mama Mtakatifu wa Aparecida. Nikajua pa kumshikia ni hapo.

Sasa subira. Wiki iliyopita wakaja marubani. Kabla ndege haijaanza kuuzwa, kiwanda kinaalika marubani wa wateja waje wairushe waseme walivyoiona. Unamjua Kapteni Tarcísio, rubani wetu mzee wa majaribio, na sheria yake. Kila mgeni anaruka naye peke yake, siku yake, anajaza fomu yake, na mpaka fomu zote zisomwe siku ya mwisho, ni marufuku mgeni kumsimulia mgeni mwenzake habari ya ndege. Anasema mmoja akisema kiti kibaya, wote migongo itawauma. Basi wale watu wanashuka na maneno yamewajaa mpaka kooni, hawana wa kumwambia. Isipokuwa mtu wa kahawa.

Wa kwanza alikuwa Kapteni Rosilda, mwanamama wa Mato Grosso, anamrusha bwana mmoja wa mashamba ya soya. Ana sauti ya kuita ng'ombe. Alishuka akanishika bega, akasema, "Dada, hii kitu inapanda kama mbuzi aliyechomwa na kiberiti!" Akala mikate minne ya jibini akiwa anasema. Akasema kule mbele ni kama umekaa sebuleni, skrini tatu, hakuna hata kipimo kimoja cha mshale, kila kitu kipo panapotakiwa, na ndege ni tulivu hata aliweza kusikia tumbo la Tarcísio likidai chakula. Ubaya ni mlango. Bwana wake ana kilo mia na thelathini, pale atapita kwa mafuta. Halafu akasema kilichomfurahisha kuliko vyote ni ule ukingo wa mkono, basi tu, hajui kwa nini. Nikammiminia kikombe cha pili, nikamwambia polepole, "Mama, chini ya ukingo kuna kijishimo. Mbona usimuulize Dokta ni cha nini? Ndiye aliyekichora." Sikusema zaidi.

Dokta alipokuja kumsalimia, akamuuliza. Nilikuwa nimesimama na birika, hatua mbili. Nikaona macho ya Dokta yamekwenda juu, kama mtoto aliyeulizwa katekisimu. Halafu akatabasamu, akasema, "Kapteni, nilikuwa nawafikiria ninyi wa mashambani. Vumbi likiingia linashukia hapo, skrini zinabaki safi." Rosilda akafurahi, akaandika kwenye fomu. Nami moyoni nikasema: endelea, Dokta, ongeza na nyingine.

Siku ya pili alikuja Kapteni Nivaldo, kijana wa Goiânia mwenye miwani ya jua, anamrusha mwimbaji na magitaa yake. Huyo ni mcheshi. Alisema ndege inakuonya kwa sauti ya mwanamke ukishuka vibaya, na sauti yenyewe ni mama mkwe wake mtupu. "Yaani nimekimbia Goiânia, Mama, nimemkuta angani!" Alisifu usukani mwepesi, akasema unageuka kwa vidole viwili, ila mzigo ndio wasiwasi wake, maana mwimbaji hasafiri bila magitaa tisa. Naye nikamchomekea swali langu pamoja na keki. Dokta akamjibu, "Kijana, kila gramu ni adui. Tulitoboa pale kupunguza uzito." Nivaldo akampigia saluti. Ikabidi niingie stoo ya vikombe, nikaume kitambaa.

Wa tatu ni Kapteni Ubiratan, anayebeba wagonjwa kutoka vijiji vya mito kule Amazonas. Mtu mkubwa, mikono kama sufuria, maneno machache. Yeye ndiye aliyekutana na hali ya hewa. Juu ya milima ya Mantiqueira wingu liliwashika, likawatikisa hata Tarcísio alishuka amepauka. Ubiratan aliketi mbele yangu akiitazama mikono yake. Akasema kwamba kwao dhoruba inakuja kila alasiri, na kwenye ndege za skrini amekwisha jifunza kutukana, maana unataka kugusa njia, unagusa redio, na nyuma mgonjwa anakata roho. Leo ameguswa na kitu. "Mama, wametutikisa kama nguo kwenye mashine, na sikukosea hata mara moja. Mkono wangu ulipata pa kukaa. Aliyetengeneza hii amewahi kutikiswa sana."

Lucineia, nilitaka kulia. Nilitaka kumwambia, aliyetengeneza ndiye aliyetikisa, Kapteni, aliyetikiswa ni mimi, kwenye kiti cha jikoni. Nikajikaza. Nikamwambia amuulize Dokta juu ya kijishimo. Na Dokta, kwa kuwa huyu anatoka kwenye joto, akamwambia ni cha hewa, skrini zisichemke. Ubiratan hakuandika. Alimtazama tu muda mrefu, kama anavyotazamwa mgonjwa anayesema haumwi.

Ijumaa wakasoma fomu. Mkurugenzi Mzee Anselmo kichwani mwa meza, wakubwa wanane, marubani watatu, Tarcísio amevaa miwani yake ya kamba. Valdeci alikuwepo ukutani, kwa sababu ndiye fundi aliyefunga umeme wa chumba cha rubani, aitwe kukiwa na swali. Juu ya meza kile kipande cha ukingo. Mimi na kigari changu pembeni. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimpa Dokta kahawa nzuri. Nilitaka awe macho.

Tarcísio akasoma ya Rosilda: kijishimo, cha vumbi. Akasoma ya Nivaldo: kijishimo, cha kupunguza uzito. Akanyanyua macho. Nivaldo akamgeukia Rosilda, "Vumbi? Mimi kaniambia gramu!" Ubiratan akasema kwa ile sauti yake nzito, "Mimi kaniambia hewa." Rosilda akacheka mpaka akagonga meza. "Dokta, hicho ni kijishimo au ni duka la bidhaa mchanganyiko? Kila mteja na chake!" Wakacheka wote. Wote isipokuwa Mzee Anselmo. Yeye akauliza taratibu, "Leopoldo, ni cha nini?"

Dokta akaanza kusema kwamba kinafanya kazi zote tatu. Hapo, mwanangu, nikaweka birika chini. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema, "Mzee, naomba ruhusa. Mimi najua."

Dokta akasema, "Mama Zulmira, leta maji." Nikamwambia maji atapata baadaye, atayahitaji. Nikamwomba Mzee anipe dakika tatu, na Mzee, kwa kuwa ni mtu wa kushangaa mambo, akanipa. Nikasimamisha sinia langu mbele ya Dokta, nikalichorea duara kwa kalamu ya Tarcísio. Nikasogeza ukingo. Nikamwambia Dokta aweke kiganja kama rubani, aguse duara. Akagusa, akatabasamu. Nikazunguka nyuma ya kiti chake, nikashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Nikasema, "Sasa gusa tena."

Nikamtikisa. Ee, mwanangu, nikamtikisa! Nilimtikisa kwa getini na mfuko wa plastiki, nilimtikisa kwa miaka miwili ya kukuona unakula umesimama kwenye picha unazonitumia, nilimtikisa kwa ile picha aliyokunja mikono. Miwani ikamtoka, tai ikaruka begani, kidole kikagusa sinia, kikagusa kikombe, kikagusa tai yake mwenyewe. Duara hakulipata. Nivaldo alikuwa anahesabu kwa sauti, "Amekosa! Amekosa! Huyo amepiga simu kwa mama mkwe wangu!" Goti halikuniuma hata kidogo.

Nikaacha. Nikamshika mkono, baridi kama samaki, nikakichukua kidole chake kidogo na kukiingiza kwenye kijishimo mimi mwenyewe. Nikamtikisa tena, zaidi ya kwanza. Akagusa duara. Mara ya pili, ya tatu, ya tano, akagusa, hakutaka kugusa, mkono ukagusa wenyewe. Pale ndipo watu walipoacha kucheka. Ubiratan akasimama, akatia kidole chake kikubwa pale, akafumba macho. Akasema, "Ndicho kilichonishika juu ya mlima."

Nikasema, "Kilichorwa na Lucineia binti yangu, mliyemfukuza kama mwizi. Kidole alichopimia ni hiki." Nikakinyanyua waone.

Mzee Anselmo hakupandisha sauti. Alimuuliza Dokta kama ni kweli. Dokta akawa anaokota miwani. Mzee akamuuliza, michoro ya binti huyu uliipataje? Na hapo, Lucineia, ndipo mtu yule akacheka. Akanitazama mimi, wala si Mzee, akasema, "Muulizeni huyo huyo. Aliniletea yeye, kwa mikono yake, juu ya sinia, na keki ya unga wa mahindi pembeni."

Usiikunje karatasi, mwanangu. Nilikuomba.

Ni kweli. Ni mimi. Si Valdeci, hakuwa Valdeci hata siku moja. Ulipolala siku ya Alhamisi umechoka, Valdeci akiwa amekwisha kulirudisha, nililichukua daftari kwenye droo. Unajua kwetu kule Minas mtu akiwa na mtoto mwenye kipaji anampeleka kwa mkubwa na keki mkononi, anaomba mkubwa amshike mkono. Baba yangu alimpeleka kaka yangu hivyo hivyo kwa mwenye shamba, na akawa karani. Nilijua wewe huombi mtu, una kichwa cha baba yako. Nikasema nikuombee mimi. Nikampa Dokta, nikamwambia, Dokta, mtazame mtoto wangu, mbariki. Akalirudisha baada ya siku tatu, kabla hujalitafuta, limefungwa kwenye gazeti, akasema binti yako ana mkono mzuri, nami nikaenda nikiimba mpaka nyumbani. Nikalirudisha kwenye droo. Nilikuwa nasubiri upandishwe cheo nikwambie ni mimi.

Siku uliyomrudishia Valdeci pete nilikuwa nimefungua mdomo pale dirishani. Nakuapia nilikuwa nimeufungua. Halafu nikaona uso wako, nikasema nikimwambia sasa, atabaki na nani? Nikanyamaza, ili ubaki na mimi. Kesho yake ikawa ngumu zaidi, na mwezi uliofuata hata njia ya kuanzia sikuiona. Nikamchukia Dokta kwa ajili yako, na nikamchukia mara mbili kwa ajili yangu, maana yeye peke yake duniani alijua. Kila nilipompashia kahawa mbovu nilijua naye anajua. Ndiyo maana alikuwa anainywa.

Pale mkutanoni Rosilda ndiye aliyesema kwanza. Alimwambia Dokta, "Kwa hiyo mtu akikuletea mtoto wake umwangalie, wewe unamwandika jina lako?" Mzee akamwambia Dokta aache kadi ya mlango mezani. Aliondoka bila koti, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango, nikamtakia alasiri njema. Ubao umetolewa jana. Tarcísio alikuja na bisibisi yake mwenyewe, akataka nishikilie skrubu. Mzee amesema utapata barua ya kiwanda ya kukuomba radhi na kukuita, na jina lako litaandikwa panapostahili. Ukitaka kurudi rudi, ukitaka kuwachania barua yao wachanie. Mimi nimekwisha kuona sura yao.

Lakini Valdeci. Alikuwa ukutani wakati Dokta anasema. Watu walipotoka alibaki. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa, ningefurahi. Akachukua kikombe chake, akakiosha mwenyewe, akakifuta, akakirudisha kwenye kigari. Kisha akasema, "Mama, kila asubuhi kwa miaka miwili umeniuliza nimelalaje." Basi. Akiwa mlangoni akasema nisipokuandikia mimi mpaka Jumatatu, ataandika yeye. Leo ni Jumapili.

Najua ulivyo. Hujawahi kusahau kitu, umechukua kwangu. Nilivyomngoja Dokta wewe unaweza kuningoja mimi hivyo hivyo, na zaidi, maana u kijana. Sitakuomba usifanye. Mtu aliyekaa miaka miwili na kisu moyoni hawezi kumwambia mwanawe aweke chake chini. Nilidhani siku nikimwangusha yule mtu nitalala usingizi, na nimelala, Lucineia, nisikudanganye, ule wa Ijumaa ulikuwa mtamu. Ila nimeamka na mtu mmoja bado hajaguswa, na huyo ndiye anayeandika.

Naomba kitu kimoja. Ukimaliza kusoma usinijibu mimi. Mwandikie Valdeci kwanza. Hajaoa. Anakaa kwa dada yake, mtaa wa nyuma ya kanisa la Rosário, namba 48. Ukimwambia neno moja tu inatosha, anajua kusoma zaidi yangu. Zamu yangu itakuja, na itakapokuja sitakimbilia jikoni.

Jirani Dona Ivonete anakusalimu, amepata mjukuu wa kiume, kichwa kikubwa. Kapteni Tarcísio anakusalimu pia, anasema akiruka sasa anaweka kile kidole na kukutaja. Mjomba wako anauliza kama huko samaki ni rahisi. Kula, funga dirisha ukilala, na usibebe friji peke yako hata wakikwambia ni jepesi.

Mama Mtakatifu wa Aparecida akutangulie njiani na kazini, na akulinde na watu wenye maneno matamu.

Ni mimi mama yako, niliyejua nikanyamaza,

Zulmira